Saa Inayotangulia

Nyumbani kwetu Kibuli hapajawahi kuwa na saa inayosema kweli. Ya sebuleni iko mbele robo saa, ya jikoni iko mbele robo saa, na ile ndogo ya mkononi mwa mama, yenye mkanda wa ngozi ulioshonwa kwa uzi wa viatu, nayo iko mbele robo saa. Ndugu zangu walishazoea. Mimi nilikataa kuzoea. Tangu nipate simu yangu ya kwanza nimekuwa nikimsahihisha kila anapotaja saa. "Mama, bado. Nani anakukimbiza?" Naye hunijibu neno lile lile: "Lori."

Lori hilo ni la mwaka wa vita, mama akiwa msichana mdogo. Sisi ni Wanubi, kizazi cha askari walioletwa na wakoloni kutoka Sudani, na serikali iliyojaa askari wetu ilipoanguka, watu wa kwetu walitafuta njia ya kwenda kaskazini kabla hawajatafutwa wao. Lori likaja kuwachukua. Dada yake mama akashuka, akakimbia ndani kuchukua sufuria, kwa sababu dereva alikuwa amesema bado kuna muda. Kisha dereva akasikia risasi, akatia gia. Dada hakuonekana tena. Tangu siku hiyo mama hamwamini mtu yeyote anayesema bado kuna muda, na kila saa iliyopita mikononi mwake ameisukuma mbele.

Nayaeleza haya mwanzo kwa sababu siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa nayajua yote, nimeyajua tangu utotoni, na hayakunisaidia chochote mpaka jua lilipokuwa limeshapita utosini.

Kazi yangu ni kuunganisha kompyuta za watu ili zizungumze. Ni kazi nzuri kwa mtu kama mimi nisiyeweza kukaa. Shuleni mwalimu alikuwa akinituma chaki hata pale chaki zilipokuwepo, apate kupumua. Na kazi yenyewe ya kliniki ya macho, kule Bukoto, niliipata kwa kushindwa kukaa: nilikuwa nimempeleka mama, tukangoja, nikamwona keshia anaibembeleza kompyuta yake kama mtoto aliyekataa uji, nikainuka bila kuitwa nikaitengeneza. Baada ya miezi michache mwenye kliniki akanipa kazi kubwa zaidi. Seva yao ilikuwa imezeeka na inachoka, wakataka niongeze ya pili.

Nieleze kidogo, nisije nikawachosha. Katika ofisi yenye kompyuta nyingi huwekwa mashine moja inayowajua watu wote: huyu ni daktari, aruhusiwe kufungua picha za wagonjwa, huyu ni keshia, aishie kwenye risiti. Hiyo ndiyo seva ya domeni. Ni askari wa getini, basi. Unajitambulisha kwake asubuhi, naye anakupa cheti kisichoonekana, na kwa cheti hicho unafunguliwa milango ya ndani. Pale kliniki askari alikuwa mmoja, mzee, na ndiye huyo huyo aliyetunza folda ya picha. Mimi nikaleta askari wa pili, mpya, wasaidiane. Nikaifunga seva hiyo mwisho wa juma kliniki ikiwa tupu, ndani ya kabati la ukumbini, nikazijaribu kompyuta zote, zote zikafungua folda zote. Neno la siri nikamkabidhi sista mkuu, maana mwenye kliniki alisema kila ufunguo wa nyumba ile unakaa kwa sista mkuu, na huo pia ni ufunguo. Nikarudi nyumbani najipongeza.

Sasa jicho la mama. Mama ana ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa ikimla macho kimya kimya bila kumuuma. Naye alificha. Mficha maradhi kilio humfichua; yeye alifichuliwa na chai. Alikuwa akimmiminia mgeni huku akiongea, na chai yote ikaenda mezani, pembeni kabisa mwa kikombe. "Kikombe imesogea," alisema. Tukacheka sote, mgeni akacheka, kisha nikamtazama mama nikaona yeye hacheki. Jicho la kushoto lilikuwa halioni kitu. La kulia lilikuwa linaona kwa mawingu.

Wa kulishughulikia jicho la namna ile alikuwa mmoja, daktari bingwa anayekuja kutoka Nairobi mara chache kwa mwaka. Utaratibu wake ulikuwa huu: kabla hajaja, wagonjwa wanapigwa picha za nyuma ya jicho, akija anakaa Bukoto asubuhi moja anazitazama, anachagua wa kupasuliwa, mchana anapelekwa kwenye hospitali nyingine ng'ambo ya mji kuwapasua wa huko, na siku zinazofuata anapasua aliowachagua. Asiyechaguliwa anangoja safari nyingine. Picha za mama zilikuwa zimepigwa juma lililotangulia. Zilikuwa ndani ya ile folda.

Na siku ya bingwa ilikuwa Jumatatu, kesho yake baada ya mimi kujipongeza.

Mama alifika kabla askari wa kweli, yule wa geti, hajamaliza kupiga mswaki. Alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Lakini kliniki ina desturi yake, nayo ni ya haki: waliotoka mbali huonwa mwanzo, ili wawahi mabasi ya kurudi. Wa Arua mbele, wa Kasese mbele, wa Mbale mbele. Mama wa Kibuli, aliyekuja kwa boda boda tu, akasogezwa, akasogezwa, mpaka akawa mwisho. Sikumsikia akilalamika. Aliitazama saa yake ya mkono tu, kisha akatazama ile kubwa ya ukutani, akatulia. Nilishangaa kidogo kuona ametulia.

Wagonjwa wa kwanza walionwa vizuri. Kisha nesi akatoka chumba cha bingwa akanijia pale kwa keshia nilipokuwa nikichaji simu yangu.

"Fundi, njoo. Picha imekataa."

Kompyuta ya bingwa ilikuwa imeandika kwamba anayeitumia hana ruhusa ya kufungua folda. Hana ruhusa, wakati dakika chache kabla alikuwa nayo! Nikaizima, nikaiwasha. Ikafungua. Nikashukuru Mungu, nikatoka. Hata sikumaliza ukumbi, nesi akaniita tena.

Hapo ndipo nilipoanza kutembea. Kutoka kabatini hadi chumba cha bingwa, kutoka chumba cha bingwa hadi kwa keshia, na kurudi. Kompyuta ya keshia ilikuwa inafungua kila kitu bila taabu, na hata hakuwa akiihitaji folda ile. Ya chumba cha kupima miwani ilikuwa inagoma. Ya maabara ilifungua, ikagoma, ikafungua. Kitu kisichofanya kazi kabisa mimi nakiheshimu. Nakaa nacho tunazungumza. Kinachofanya kazi na kugoma kwa zamu ndicho kinachonitia kichaa, kwa sababu kila ukigusa kitu unadhani umetengeneza, nacho kinakuacha ufurahi ndipo kikucheke.

Nilichomoa nyaya nikazichomeka. Nilikagua majina, nikakagua ruhusa za kila mtu, nikawaondoa watu na kuwarudisha. Nilizisikiliza seva mbili kama mtu anayesuluhisha mke na mume: huyu anasema mimi namjua daktari, nimempa cheti, yule mzee anasema cheti hiki sikitambui. Nilikumbuka hata kuhusu saa. Fundi yeyote wa mitandao anajua kwamba seva zisipokubaliana saa zinagombana, kwa hiyo nikapiga magoti mbele ya kabati, nikatazama saa kwenye pembe ya skrini ya seva mpya, nikainua macho nikatazama saa ya ukutani juu ya mlango. Zilisema vilevile, dakika kwa dakika. Nikasema moyoni, saa ni salama, nikaendelea kutafuta kwingine.

Bingwa alikuwa mtu mpole, mrefu, anayezima simu yake na kuitia mkobani kabla hajamgusa mgonjwa. Alichungulia ukumbini.

"Fundi, tumefika wapi?"

"Nipe dakika kidogo, daktari."

"Nakupa. Lakini uelewe, bila picha sichagui mtu. Siwezi kuingia kwenye jicho la mtu nikikisia."

Nilimwambia labda nizichukue picha kutoka seva ya zamani kwa flashi, nimletee mkononi. Nikaenda nikazifungua. Zilikuwa namba tupu, mamia ya namba. Programu ya daktari peke yake ndiyo iliyojua namba ipi ni jicho la nani, nayo programu ilitaka folda ile ile iliyogoma. Nilitazama zile duara nyekundu zenye mishipa kama mizizi, moja baada ya nyingine. Mojawapo ilikuwa ya mama yangu. Sikuijua ni ipi, na ningeweza kumpelekea bingwa jicho la mtu mwingine. Niliichomoa flashi.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Nimewahi kukwama kwenye benki, nimewahi kukwama kwenye shule wakati wa mitihani, nikafokewa na wakubwa, nikalala usingizi mzuri tu. Siku ile nilihisi kama nimemfungia mama yangu mlango kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikatupa ufunguo, halafu nikatoza pesa. Nesi mmoja alinipa chai. Niliishika nikitembea nayo mpaka ikapoa, nikaiweka juu ya kabati, nikaisahau, nikaomba nyingine.

Sista mkuu alipita mara mbili tatu, mnene, msafi, funguo zikilia kiunoni. Mama huyu wa Kiganda ndiye aliyeshika kliniki yote. Mwenyewe mwenye kliniki husubiri akohoe ndipo azungumze. Manesi wakimsalimia hukunja magoti. Nilimuuliza kama mgonjwa anaweza kungoja safari nyingine ya bingwa.

"Jicho la sukari?" alisema. Aliangalia kwenye benchi, akashusha sauti. "Mwanangu, hiyo haingoji. Miezi mingine, wewe utakuta giza."

Nikarudi kabatini. Bingwa, kwa kutopoteza muda, alikuwa anawapima macho kwa taa yake waliobaki, akingoja picha. Dereva wake alikuwa ameshaambiwa: saa nane kamili waondoke, maana baada ya hapo foleni ya mjini haimwachi mtu. Kila aliyepita chini ya saa ya ukutani aliitazama. Mishale ilikuwa inaishukia saa nane kama mtu anayeteremka kilima.

Mama aliniita. Hakunyanyua sauti, aligonga tu benchi kwa kiganja, kama anavyoita paka.

"Wewe, kuja hapa. Umekula?"

"Mama, si sasa."

"Unatembea tu kama kuku anatafuta mahali ya kutaga. Kaa."

"Siwezi kukaa, mama! Huoni nina kazi?"

Neno hilo la huoni lilinitoka kabla sijalishika. Yeye hakulijali, au alijifanya hakulijali. Alisogeza mkono wake karibu kabisa na jicho la kulia, karibu kugusa pua, akaisoma saa yake. Kisha akaelekeza kidevu juu ya mlango.

"Hii kiliniki mimi naipenda," alisema. "Hapa watu iko na akili. Saa yao na saa yangu, sawa sawa."

Nilisimama.

Sijui kama niliwahi kusimama namna ile, bila mguu wala mkono kucheza. Maisha yangu yote sijaona saa hata moja duniani inayolingana na saa ya mama. Msikitini hailingani, redioni hailingani, kwa shangazi hailingani. Na hapa, juu ya mlango, ipo moja. Nilikwenda kwa keshia nikachomoa simu yangu kutoka kwenye chaji, nikaitazama, nikatazama ukutani, nikarudi kabatini mbio nikatazama pembe ya skrini ya seva. Simu ilikuwa nyuma yao robo saa. Yaani simu ilikuwa sawa, na ukuta na seva vilikuwa vinadanganya kwa pamoja, kwa kiasi kile kile, kama watoto waliopatana kabla ya kuulizwa. Mimi nilikuwa nimemuuliza mwongo mmoja amshuhudie mwenzake.

Kwa asiyeijua kazi hii: vile vyeti vya asubuhi vina muhuri wa saa. Seva mpya, ikiwa mbele robo saa, ilikuwa inatoa vyeti vya wakati ambao haujafika. Daktari akivipeleka kwa seva ya zamani, mzee anatazama muhuri, anasema hiki ni cheti cha kughushi, rudi ulikotoka. Anavumilia tofauti ya dakika chache tu. Kompyuta iliyobahatika kuchukua cheti kwa mzee mwenyewe ilipita bila taabu. Iliyochukua kwa mpya ilifukuzwa. Hiyo ndiyo zamu iliyokuwa inanicheka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mimi niliiacha seva ile jana ikiwa na saa sahihi. Na ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja.

Nilimkuta chumba cha dawa. Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na njiani nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilipomwona nikakunja goti kama wanavyofanya manesi, na maneno yakakunjika nayo.

"Mama sista. Ile mashine mpya kabatini. Kuna mtu amegusa saa yake?"

"Mimi," alisema, bila wasiwasi wowote, kwa fahari hasa. "Asubuhi nafungua, naona iko nyuma. Mimi nalekebisha."

"Uliirekebisha na saa ipi?"

"Ya ukuta, ssebo... nnyabo, na ipi tena?" Kama wengi, alimwona fundi kwanza, akaniita bwana, kisha akakumbuka kuwa mimi ni mwanamke, akaniita bibi.

"Na ya ukuta, sista, nani aliiweka?"

Manesi wawili waliokuwa wakihesabu chupa waliacha kuhesabu. Mmoja akageukia dirisha. Nikaelewa kwamba nimeuliza kitu ambacho katika nyumba ile hakiulizwi. Sista mkuu alivuta pumzi, akafunga kabati la dawa kwanza, ndipo akanijibu, polepole.

"Hawa watoto wanachelewa. Mimi naiweka mbele kidogo. Wakifika wanadhani wamechelewa, kumbe wamewahi."

Baadaye nesi aliyegeukia dirisha aliniambia kwamba wote wanajua, tangu siku yao ya kwanza. Kila mmoja akiitazama ile saa anatoa robo kichwani. Nikamuuliza, sasa inasaidia nini? Akafikiri kidogo, akasema, "Inasaidia sista."

Sikugombana. Sikuwa na muda, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshika mikononi ugonjwa wa nyumbani kwetu, katika mwili wa mtu mwingine. Nilirudisha saa ya seva nyuma, nikazima kompyuta ya bingwa, nikaiwasha. Huwa inachukua muda mfupi kuamka. Siku ile niliona kama inaamka kutoka kaburini. Nilisimama nyuma ya kiti cha bingwa nikiuma kucha, mpaka akaniambia bila kugeuka, "Fundi, unanipumulia shingoni."

Folda ikafunguka. Nikaifunga, nikaifungua tena. Ikafunguka. Picha za wale waliokuwa wamengoja zikaanza kuja, jina kwa jina, na bingwa akawa anaita, anatazama, anaamua, anaita. Alikuwa anafanya haraka sasa. Mimi nilikaa ukumbini kwa mama, yaani nilisimama mbele yake, nikihesabu vichwa vilivyobaki na kutazama mishale. Mzee wa Mbale akaingia. Akatoka. Mama wa Kikongo wa hapo Katwe, aliyeshika rozari, akaingia. Huyo alikaa sana ndani. Na alipotoka, nyuma yake akatoka bingwa mwenyewe, mkoba begani, na dereva akainuka kutoka kiti cha mlangoni.

Juu ya mlango ilikuwa saa nane kamili.

"Poleni sana," bingwa alisema, na alikuwa anasema kweli, uso wake ulionyesha. "Nimejitahidi. Nikikaa hapa, wale wa huko watakosa chumba cha upasuaji. Mama, nitakuona nikirudi."

Mama alishainuka, kitambaa chake kimefungwa vizuri, mfuko mkononi. Alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikaa tena, akauweka mfuko magotini. Na mimi, mwenye mdomo, niliitazama tu mishale, kwa sababu robo ile ilikuwa imenikaa kichwani na bado sikuiona inatufaa nini. Nilikuwa nimeizoea kama adui.

Sista mkuu ndiye aliyeiona. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dawa, na manesi wote walikuwepo, na keshia, na mwenye kliniki alikuwa ameshuka kumuaga mgeni. Nilimwona anawatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akatazama juu, kwa ile saa yake.

"Daktari," alisema. "Ngoja. Hiyo saa ni ya uongo."

Hakuna aliyecheka.

"Mimi mwenyewe naisukuma mbele. Miaka mingi. Wewe bado iko na robo saa. Angalia simu yako."

Bingwa alifungua mkoba, akawasha simu, akangoja iwake. Manesi walikuwa wanatazama viatu vyao, kama watu waliomkuta mkubwa wao bila nguo. Nilimpenda mama yule wakati ule kuliko ninavyoweza kusema. Aliivua heshima yake mbele ya watoto aliowalea kwa ile saa, akampa mama yangu.

"Kweli," bingwa alisema. Akamtazama dereva, dereva akaketi. "Mama, karibu ndani."

Tuliingia wote wawili. Macho mawili ya mama yalikuwa kwenye skrini, ubavu kwa ubavu, makubwa kama sahani. Nilikuwa nimeyapita asubuhi ile ndani ya zile namba bila kuyajua. Bingwa aliyatazama, akasogea, akatazama tena, akamwangazia mama taa, akarudi kwenye skrini.

"Mama, nitakwambia bila kukuficha. Hili la kulia, nikilipasua juma hili, naliokoa. Nitakuweka wa kesho kutwa. Hili la kushoto..." Alitafuta neno. "Hili tumechelewa."

Mama aligeuza uso kunitafuta nilipo.

"Nani amechelewa?"

"Sote, mama," bingwa alisema kwa upole.

"Mimi?" Sauti yake haikupanda. "Mimi sijachelewa mahali. Tangu niko msichana, mimi sijachelewa."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kuupiga ule mkono wake wenye saa, na kuubusu, vyote viwili. Alikuwa amewahi misibani, harusini, hospitalini, sokoni kabla wauza nyanya hawajatandaza magunia. Aliwahi kila mahali palipokuwa na saa. Jicho halikuwa na saa. Lilikuwa likizimika kimya ndani ya kichwa chake huku yeye akiutazama ukuta. Nilimshika bega. Alikuwa ameifunika saa yake kwa kiganja.

Bingwa aliondoka kwa wakati wake. Saa ya seva niliifunga ili asiigeuze mtu yeyote, awe na ufunguo au asiwe nao, nikaifundisha kuuliza saa mbali, kwenye mtandao, sio ukutani. Sista mkuu aliniuliza kama na ile ya ukutani inabidi irudishwe nyuma. Nikamwambia ile aiache ilivyo. Alifurahi, akanipa ndizi.

Jicho la kulia lilipasuliwa siku ile ile aliyoitaja bingwa, likafungwa bandeji nene. Kwa kuwa la kushoto lilikuwa limekwisha, mama alikaa gizani kabisa, mimi nikiwa naye wodini, nikizunguka kitanda, nikikunja shuka zilizokwisha kunjwa. Asubuhi ya kufunguliwa bandeji niliamshwa na mkono wake. Ulikuwa unapapasa pembeni mwa kitanda, chini, unatafuta viatu. Saa yake ya mkono walikuwa wamemvua wakati wa upasuaji, iko mfukoni mwangu.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Nilitoa simu. Bingwa alikuwa ameahidi kupita mapema, na ukumbini bado taa zilikuwa hazijawashwa zote. Nikatazama saa ilivyo, nikaongeza robo, nikamwambia.

Mkono ukaacha kutafuta. Aliegemea mto, akakunja vidole vyake juu ya shuka.

"Basi bado tuko na muda," alisema. "Kaa."

Nikakaa.